Mlio Mmoja kwa Kila Ng'ombe

Mwende, ambaye sasa anakalia kiti changu pale ofisini, ameniomba niwaandikie nyinyi vijana jinsi ya kukomboa memori inayopotea bure ndani ya kerneli. Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza, na hiyo peke yake inawaonyesha kustaafu kulivyo. Nimetafuta memori iliyopotea karibu maisha yangu yote ya kazi. Sehemu kubwa yake niliipoteza mimi mwenyewe, kwa hivyo niko na ujuzi wa pande zote mbili.

Kwa watu wa mauzo, ambao najua watasoma hii wakingoja chai ichemke: kerneli ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, ile ambayo hakuna mtu huiona, na kazi yake ni kugawa. Programu ikitaka memori inaiomba kerneli. Ikimaliza, inarudisha. Kuna zile zinazochukua na kusahau kurudisha, na kuna zile zinazochukua gunia zima ili zibebe punje moja. Memori ikipotea hivyo hainuki, haivuji sakafuni, haipigi kelele. Inapungua tu mpaka mashine inasimama, na mashine husimama siku ambayo bosi ako na wageni.

Sikuanza na kerneli. Nilianza na redio na simu za mezani katika karakana ya Mzee Mutua, hapa hapa Kitengela, wakati ambapo ukitoka nje asubuhi kwenda chooni ulikuwa unaangalia kwanza kama nyumbu wameshapita. Siku ya kwanza nilifika na diploma kwa mkoba na viatu vya kisigino kirefu, juu ya ule udongo wetu mweusi, na mvua ilikuwa imenyesha. Kiatu kimoja kilibaki barabarani. Niliingia kazini nikichechemea. Mzee Mutua akaangalia mguu, akaangalia diploma, akaniuliza kama huko chuoni walitufunza kutembea.

Akanipa redio ya mteja mmoja wa duka la nafaka, ambaye alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi. Kabla Mzee amalize sentensi yake mimi nilikuwa nimeshika bisibisi. Kifuniko kikafunguka, springi ikaruka, ikaingia ndani ya kikombe chake cha chai. Mzee akaitoa na kijiko, akailamba, akaiweka juu ya meza ikiwa safi kabisa.

"Haya, msichana," akasema. "Sasa niambie hii redio ilikuwa inasumbua aje kabla uifungue."

Sikujua. Hakuna mtu alikuwa ameniambia, na mimi sikuwa nimeuliza. Mwenye redio ndiye aliyesema, kwa aibu kidogo, kwamba ilikuwa inanyamaza tu bibi yake akianza kupika. Kumbe walikuwa wanaiweka kwa rafu iliyo juu ya jiko. Ilikuwa inataka kuhamishwa, haikuwa inataka kufunguliwa, na sasa ilikuwa vipande kumi na springi iliyolambwa.

Mzee Mutua alikuwa na tabia moja ambayo niliiita uvivu kwa miaka mingi. Mtu akileta kitu kimeharibika, alimwambia akae, akitumie mbele yake vile anavyokitumia nyumbani. Yeye anakunywa chai na kutazama. Hagusi. Niliona tunapoteza wakati. Mimi ni mtu wa kufungua, jameni. Hata leo mume wangu hanikubalii kushika rimoti ikilegea betri.

Mambo ya vyeo nitayaruka, kwa sababu hayakuwa mengi, na yale yaliyokuwepo yalinipa tu meza karibu na dirisha. Kompyuta zilikuja, simu za mezani zikaenda, nikajifunza kerneli kwa kuisoma ikiwa imechapishwa kwenye makaratasi ambayo mama yangu alidhani ni somo la Kichina. Kifaa changu cha kazi kilikuwa kebo moja fupi, ile ya kuunganisha laptopu na mashine isiyo na skrini ili mashine ikueleze kinachoiuma. Niliibeba kwa mkoba kila mahali, hata kanisani. Mliokuwa mkinicheka mnajijua. Kebo hiyo imefungwa selotepu pale shingoni kwa sababu ng'ombe mmoja kule Matasia aliitafuna, na bado inafanya kazi.

Na kwa kuwa nimetaja Matasia, nimalize hiyo hadithi upesi, maana najua mmeichoka. Kulikuwa na mashine ya kupima maziwa ya wafugaji, ikikwama kila asubuhi foleni ikiwa imejaa. Nikachomeka kebo, nikasoma maneno ambayo kerneli huandika ikiamka, nikaona imetenga sehemu kubwa ya memori kwa ajili ya skrini ya rangi. Mashine haikuwa na skrini ya rangi. Haikuwa na skrini hata ya nyeusi na nyeupe. Waliotengeneza bodi walidhani kila mtu duniani anataka kutazama picha. Nikafuta mstari mmoja, memori ikarudi, maziwa yakapimwa. Nilisimulia ushujaa huo ofisini, kwa chama chetu cha akina mama, na hata kwenye ruracio, ile sherehe ya mahari, ya mpwa wangu, ambapo wazee walikuwa wamekuja kuongea mambo ya mbuzi.

Sasa nije kwa kesi yenyewe, ile ambayo Mwende anataka niandike, na ambayo yeye huisimulia vibaya akiniongezea ujinga. Ule niliokuwa nao ulitosha.

Wengi wenu mlikuja wakati mashine za maji tayari zilikuwa zimeenea. Mnazijua: kuna kisima, kuna tangi, kuna sanduku la chuma lenye kisomaji cha kadi. Unagusisha kadi yako iliyojazwa lita, mashine inalia pii, unabonyeza kitufe, maji yanatoka bombani au yanaenda kwenye birika la ng'ombe. Ukiachilia kitufe, yanafunga. Draiva ya kisomaji, yaani kile kipande cha kerneli kinachoongea na kadi, niliiandika mimi. Kila kadi ikigusa, draiva ilikuwa inaomba memori na kuandika hapo: huyu amefika, anangoja maji. Akishachota, memori inarudishwa. Ilikuwa kazi safi. Niliipenda sana. Nilimwonyesha mume wangu.

Moja ya hizo mashine iliwekwa kwenye kisima kimoja mbele ya Illasit, ukishuka kutoka mashambani kuelekea nyika. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa mama mmoja mjane, Mama Nashipae, ambaye alikuwa amezunguka boma kwa boma akiwashawishi watu waikubali. Ndiye aliyekuwa akinipigia simu.

"Mama Kui, mashine yenu imelala tena."

"Imelala aje?"

"Imelala. Maji iko kwa tangi, mimi naiona. Ng'ombe zinasikia harufu yake. Lakini ukigusa, kimya. Tunaizima, tunaiwasha, inaamka. Kesho ikifika mchana inalala tena."

Nikamwambia azidi kuizima na kuiwasha. Hiyo ndiyo dawa ambayo watu wa kazi yetu hupeana tukiwa hatujui kitu.

Halafu akaniambia jambo ambalo alikuwa hajaniambia. Wazee walikuwa wameitisha mkutano wiki hiyo inayokuja. Walitaka mashine iondolewe na kufuli irudi. Kabla ya mashine, kisima kilikuwa na lango na kufuli, na ufunguo ulikaa kwa Mzee Parsaloi. Mwenye ufunguo ndiye aliyeamua ng'ombe wa nani anakunywa kwanza.

"Na wa nani walikunywa mwisho?" nikamuuliza.

"Wetu, wajane. Tulikuwa tunakunywesha matope. Msimu ule wa mwisho nilipoteza ndama wote. Mama Kui, kufuli ikirudi, mimi sina ng'ombe tena. Nisaidie."

Hiyo sauti ilinikaa kifuani. Nilijiambia ni shida ndogo, nitaimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Tukaweka mashine kama ile juu ya meza ofisini, na ndoo chini yake. Mwende na mimi tuligusisha kadi, tukachota, tukarudisha maji, tukagusisha tena, siku nzima, mpaka watu wa duka la hadiwea hapo chini wakauliza kama tumefungua kanisa la ubatizo. Mashine haikulala. Memori ilikuwa inachukuliwa na kurudishwa, inachukuliwa na kurudishwa, bila kupotea hata chembe.

"Mathe, hii kitu iko fiti," akasema Mwende, anayeniita mama kwa lugha yenu ya vijana. "Labda hao watu wanaichapa."

Nililaumu jua. Nililaumu vumbi, sola, waliotengeneza bodi, na Mwende, kwa mpangilio huo. Draiva sikuilaumu, kwa sababu nilikuwa nimeiandika mimi na nilikuwa naikumbuka vizuri.

Tukachukua pikapu ya ofisi tukaenda, Mwende akiendesha. Emali, Loitokitok, Illasit. Tulifika kisimani asubuhi, na Mama Nashipae alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa mwembamba na mrefu, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajalala vizuri.

"Takwenya," akasema.

Nikajibu "Iko," vile Mwende alikuwa amenifunza njiani, na nikajisifu moyoni kwamba mambo yameanza vizuri. Halafu, hata kabla sijasalimia watu wengine, nikafungua kifuniko cha mashine na kuchomeka kebo. Umri wangu wote huo, na bado bisibisi ilikuwa mkononi kabla ya salamu kuisha.

Memori iliyo huru ilikuwa tele. Mashine ilikuwa nzima. Nikakaa nikiangalia laptopu yangu kwenye kivuli cha sanduku, mgongo wangu ukiwa kwa watu. Nyuma yangu nilisikia pii. Nikaona memori imeshuka kidogo. Vizuri, mtu amefika. Pii tena. Pii, pii, pii. Memori ikashuka, ikashuka. Nikangoja isikike sauti ya maji. Hakuna maji. Pii, pii, pii, pii.

"Mathe," Mwende akaniita polepole. "Hebu geuka."

Nikageuka. Kulikuwa na kokoo mmoja, bibi mzee sana mwenye fimbo, amesimama mbele ya kisomaji na kadi yake. Anagusisha, inalia, anasema kitu kwa Kimaa. Anagusisha tena, anasema kitu kingine. Nyuma yake kulikuwa na wanawake na wavulana wa kuchunga, na wote walikuwa wakifika, wanagusisha, wanaenda zao kukaa kivulini au kurudi kwa mifugo. Hakuna aliyebonyeza kitufe. Ng'ombe wenyewe walikuwa bado mbali, vumbi lao tu ndilo lililoonekana.

"Anasema nini?" nikamuuliza Mama Nashipae.

"Anawaleta ng'ombe wake kwa laini. Hii ya yule mwekundu, hii ya mwenye pembe moja, hii ya mama yake."

"Kwa nini asiseme tu wako wangapi?"

Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini hatutembei uchi. "Ng'ombe hawahesabiwi, Mama Kui. Wanaitwa."

Akanieleza taratibu, vile unavyomweleza mgeni. Zamani watu walishika nafasi kwa kupanga mawe na mitungi, lakini mitungi husogezwa, na mawe ya mjane yalikuwa yakitupwa. Mashine ilipokuja, watu waligundua kwamba inalia kwa sauti, na kila mtu aliye karibu anasikia. Ukifika, unailiza. Kila ng'ombe na mlio wake. Baada ya hapo unaweza kwenda kulala kivulini, kwenda dukani, kwenda kufuata ng'ombe aliyebaki nyuma, na hakuna mtu atakayebisha kwamba ulikuja kabla yake. Walioketi pale walikuwa wanakumbuka mpangilio wote kichwani.

Mimi nikaketi chini, mavumbini, na sketi yangu nzuri. Draiva yangu ilikuwa inarudisha memori mtu akichota. Mtu asipochota, haikuwa imeandikwa chochote. Haikunipitia akilini kwamba binadamu anaweza kugusisha kadi na kuondoka. Mimi mtu wa Kitengela, nikigusisha nataka maji yangu saa hiyo hiyo, na nyuma yangu kuna mtu anapiga honi. Na huyu kokoo alikuwa amechukua memori ya mifugo yake yote, mlio kwa mlio, na angechota mara moja tu, kwa mkupuo mmoja. Mlio wa mwisho ungefutwa. Hiyo mingine ingebaki ndani ya kerneli milele.

Kufika mchana, hesabu ilikuwa imetimia. Kerneli ikiishiwa memori kabisa haikubali kufa kimya. Inachagua programu moja, inaiua, ili yenyewe iendelee kuishi. Pale ilikuwa inachagua ile inayofungua maji.

"Aki Mathe," Mwende akasema akishika mdomo, "si hii ni draiva yako?"

Nilimwambia aende aangalie tairi za gari.

Sasa mngetegemea kwamba hapo nilikuwa nimejifunza kitu. Wapi! Nilifungua laptopu juu ya boneti na kuandika dawa ya haraka: mtu akigusisha asichote baada ya muda mfupi, afutwe, memori irudi. Nikaongeza na mlio mwingine mnene, bwuu, ili mashine itoe taarifa kwa adabu kwamba imekufuta. Nikaiweka. Memori ikapanda ikajaa. Nikajipigia makofi, nawaambia ukweli, nilijipigia makofi.

Mashine ikaanza. Bwuu. Bwuu. Bwuu. Watu wakasimama kivulini. Kokoo alikuja na fimbo yake akigusisha upya, na mwanamke mwingine akamwambia sasa uko nyuma yangu, na mtoto wa huyu akamsukuma mtoto wa yule. Ng'ombe walikuwa wameshafika na kiu yao, wanasukumana kwa birika, kila mtu anapiga kelele kwa Kimaa na mimi katikati nikisema "Tulieni! Memori imerudi!" Hakuna aliyeifurahia memori yangu.

Pembeni alikuwa amesimama mzee mmoja mrefu, shuka nyekundu, kofia ya sufu, mikono imekunjwa. Sikuhitaji kuambiwa kwamba ndiye Mzee Parsaloi.

"Mama," akaniambia kwa upole kabisa, "kufuli haina sauti mbili."

Mama Nashipae alinivuta nyuma ya tangi. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Umewatoa watu kwa laini," akasema. "Unajua nani hukaa muda mrefu kabla achote? Ni yule ambaye hana kijana wa kumletea ng'ombe. Anakuja alfajiri anagusisha kadi, anarudi peke yake kuwafuata. Ukimfuta, mwenye vijana wengi anapita. Hiyo ni kufuli tu. Umeifanya ya umeme."

Nilisikia aibu ambayo sijawahi kusikia kazini, na nimemwaga chai ndani ya seva. Kitu ambacho nilikiita memori iliyopotea ndicho kilikuwa nafasi ya huyu mama duniani. Nikatoa ile dawa siku hiyo hiyo, nikaacha mashine ilale ikitaka kulala, na nikaomba watu wavumilie hadi mkutano.

Kwa hivyo nyinyi vijana, hapa ndipo mahali pa kuchukua kalamu. Tuliketi chini ya tangi, Mwende na mimi, na swali letu likabadilika. Milio yote ilikuwa lazima ikae mpaka jua lizame, hilo halikuwa la kujadili. Basi memori itoke wapi? Nikafungua draiva yangu na kuisoma kama imeandikwa na mtu nisiyempenda. Kerneli hugawa memori kwa kurasa. Kwa kila mlio nilikuwa nimeomba ukurasa mzima, na ndani yake nikaandika namba ya kadi, kitu ambacho kingetosha kwenye kona. Kwa nini ukurasa mzima? Kwa sababu ilikuwa rahisi, na siku hiyo nilikuwa na haraka ya kwenda chama.

Kerneli iko na njia yake ya kukata ukurasa mmoja vipande vidogo vinavyolingana na kugawa kimoja kimoja. Iko hapo tangu zamani, inangoja kuombwa. Nikaiomba. Halafu tukaandika kwamba kadi ile ile ikilia tena, isifunguliwe rekodi mpya. Iongezewe tu mlio kwenye rekodi yake ya kwanza, na akichota, zote zirudi pamoja. Jua likizama, mashine ifute yote yenyewe, kwa sababu Mama Nashipae alisema laini ya leo haiamki kesho.

Mwende alikuwa akisoma maneno ya kerneli ikiamka, yale marefu ambayo mimi nilikuwa nayapita haraka kwa sababu nayajua.

"Mathe," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuipenda. "Hii bodi imetenga memori ya skrini ya rangi."

"Haiwezi."

"Imetenga. Ona. Si hii ni ile hadithi yako ya ruracio?"

Ndiyo hiyo hiyo. Miaka yote nikiisimulia, na mashine yetu wenyewe ilikuwa imekalia memori ya picha ambazo hakuna ng'ombe angezitazama. Tukafuta mstari. Mwende alicheka mpaka akalala chini.

Siku ya mkutano watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Wazee waliketi mbele. Wakaniita nieleze. Nikasimama nikaeleza kurasa, vipande, rekodi, kila kitu, kwa Kiswahili changu kizuri, nikitumia mikono, na Mama Nashipae akangoja mpaka nimalize. Halafu akatafsiri yote kwa sentensi moja fupi. Watu walicheka sana.

"Umewaambia nini?" nikamuuliza.

"Nimesema shimo lilikuwa kwa mashine, wewe ndiye ulilichimba, na umekuja kulifukia."

Mzee Parsaloi akasimama. Alisema, na mtu akanitafsiria, kwamba maneno ya mashine hayamtoshi. Kama imepona, basi wote waliopo waigusishe sasa, kila mtu na ng'ombe wake wote, na asichote mtu. Ikilala, kufuli irudi leo. Isipolala, hatasema tena.

Tulikuwa hatujaijaribu kwa watu wengi hivyo kwa pamoja. Nikachomeka kebo, nikapiga magoti mbele ya laptopu, na nikaandika nywila yangu vibaya mara mbili. Niliogopa, nawaambia. Siku hiyo draiva yangu haikuwa na cha kujisifia. Niliyekuwa nikimwogopea ni Mama Nashipae, aliyekuwa amesimama karibu na lango, ameshika kadi yake kwa mikono miwili.

Kokoo alikuwa wa kwanza. Akawaita wote, mwekundu, mwenye pembe moja, mama yake, na wengine ambao siku ile ya kwanza sikuwangojea. Pii, pii, pii. Rekodi moja. Memori ilishuka chembe. Wajane wakafuata, halafu wanawake wengine, halafu vijana, halafu wazee ambao hawakuwa wamewahi kugusa kile kisomaji na walikigusisha kwa nguvu kama wanapiga mhuri. Kila mmoja aliwaita ng'ombe wake, na wazee walikuwa na ng'ombe wengi. Mlio haukukatika. Nilikuwa nikisoma namba ikishuka na nikinong'ona, "Kaa, kaa, kaa hapo," mpaka Mwende akaniwekea mkono begani.

Mama Nashipae aligusisha mwisho. Alikuwa na ng'ombe wachache, na aliwaita polepole, hakuharakisha hata mmoja. Ikalia kwa wote. Watu wote wakaangalia sanduku. Memori ilikuwa bado ipo, tena nyingi. Mama Nashipae akamwonyesha kokoo kitufe. Kokoo akagusisha kadi yake, akabonyeza, na maji yakaingia birikani.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Walikuwa wanamwangalia Mzee Parsaloi. Yeye aliangalia maji kwa muda mrefu, halafu akauliza kitu kwa sauti ya chini, na nikaelewa hata kabla ya kutafsiriwa, kwa sababu alikuwa amenyoosha kiganja kitupu. Wana wake walikuwa na kadi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuchukua.

Mama Nashipae akaingiza mkono ndani ya shuka yake, akatoa kadi moja mpya, haijakwaruzwa.

"Iko hapa tangu mashine ije, mzee," akamwambia. "Ni wewe tulikuwa tunangoja."

Mzee akaichukua. Pale mbele, karibu na birika, vijana wawili walisogea kumpisha, kama kawaida yao. Hakupita. Alizunguka watu wote kwa nje, akawapita wazee wenzake, akawapita wajane, akaenda kusimama nyuma ya Mama Nashipae. Akagusisha kadi, akawaita ng'ombe wake, na mashine ikalia mara nyingi kwa ajili yake. Halafu akatafuta jiwe, akaketi, akangoja zamu yake.